Wanatupa Nini Siku ya Jumatano

— Lakini wanatupa nini?

Hakuna aliyemjibu Karanja. Alikuwa mgeni kwenye benchi la kahawa nyuma ya soko la Machakos. Ametoka Tala kuleta ndoo na karai, na mgeni akiuliza jambo la maana, wenyeji hupuliza vikombe vyao. Vichwa vyote vilikuwa vimeinamia simu ya Injinia, fundi wa simu ambaye cheti chake hakuna aliyewahi kukiona. Kwenye kioo, wasichana watatu wa kundi la Mafiga walikuwa wakicheza wimbo wao mpya, "Jumatano". Wanainama, wanachota kitu kisichoonekana, wanakirusha juu kupita bega, wanasogea upande hatua moja, wanainama tena. Harusini ulipigwa, saluni ulipigwa, hata kwa wauza mbolea. Mahali pamoja tu ulikuwa umekatazwa.

Aliyeukataza alikuwa ameketi katikati ya benchi. Mzee Ndunda, Mwenyekiti kwa kila mtu, ndiye aliyesimamia sikukuu ya mavuno ya parokia, na juzi aliwafuta Mafiga kwenye ratiba ya Jumamosi. Ndiyo maana Wayua alikuwa amesimama hapo, mkoba wa chuo begani. Mdogo wake, Mbithe, ndiye yule wa katikati kwenye video. Mbithe alishona suruali kwenye kiwanda cha EPZ, Athi River, alikuwa ameomba ruhusa ya siku hiyo moja, na supavaiza wake alitaka jibu kabla ya jioni: anakwenda kucheza kwao, au anaandikwa ovataimu.

Kwenye mdahalo chuoni Wayua hakuwahi kungoja mtu amalize sentensi mbovu. Hapa alingoja. Hakuna aliyemsogezea nafasi.

Injinia alishikilia kwamba mtindo huo umetoka ng'ambo, kwa sababu mitindo yote hutoka ng'ambo, na hao wasichana waliuokota kwenye jimu ya mazoezi huko Syokimau. Spika, dalali mstaafu wa mnada wa ng'ombe, alimwambia aache ushamba. Shida ni siku yenyewe. Mtu mwenye kazi hawezi kuimba Jumatano.

— Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya Jumatano ni Jumanne. Hao wameanza uvivu mapema.

Mwenyekiti alisubiri kicheko kiishe.

— Jumatano ni ya Majivu. Wanachota majivu ya Kwaresima, wanatupa nyuma. Majivu hupakwa, hayatupwi. Na mimi siwezi kuweka hiyo kitu mbele ya Padri.

Hapo Spika akawaka. Akasema siyo majivu, ni siasa: inama, chota, rusha kwa aliye nyuma yako. Hongo hiyo. Injinia akaongeza kwamba kusogea upande ni kuhama chama.

— Ni nani ameuliza hao wasichana? akasema Karanja.

Wakapuliza kahawa.

Wayua alikuwa na hoja tatu tayari, na hasira ya kuzisukuma zote. Akaziacha.

— Mzee Ndunda, shamba lenu la kule Mua, yale matuta ya kuzuia udongo yalichimbwa na nani?

— Si ni mama! Yeye na mwethya wake.

Alisema kwa fahari. Mwethya ni wanawake wa kijiji kizima kuungana, leo shamba la huyu, wiki ijayo la yule.

— Nyanya yetu alikuwa kwa hiyo mwethya. Wewe ulikuwa unaenda nao?

— Niende nifanye nini? Hiyo ilikuwa kazi ya akina mama.

— Na walikuwa wanachimba siku gani?

Mwenyekiti akachukua simu kwa Injinia, akaishika mbali na macho. Wasichana watatu walikuwa kwenye mstari mmoja, wanainama, wanachota, wanarusha juu ya mteremko, wanasogea upande ambapo mtaro haujachimbwa.

— Jumatano, akasema. Jumatano tulikuwa tunakula muthokoi baridi, mahindi na maharagwe yaliyopoa. Mama alikuwa anarudi hawezi kuinua sufuria.

Karanja, muuza karai, aliitikia kwa kichwa taratibu. Swali lake lilikuwa limejibiwa: udongo.

— Maji yakimwagika hayazoleki, Spika akajaribu. Ratiba imeshatoka.

— Na maindi yako, Spika, Wayua akamwambia, yangezoleka wapi kama hao wanawake hawangeinama? Mmekula mavuno ya hayo matuta maisha yenu yote. Jumamosi mnataka kushukuru Mungu kwa hayo, na mjukuu wa aliyechimba amekatazwa kuingia.

Spika alinyanyua birika. Lilikuwa tupu. Mwenyekiti bado alikuwa ameshika simu ya Injinia, na wimbo ulikuwa umeanza upya wenyewe. Wayua akapiga namba ya mdogo wake, akasubiri aitikie, kisha akamnyooshea mzee simu yake.

— Ni Mbithe. Mwambie aje Jumamosi.