Wastani wa Mashimo ya Ngolo

Asubuhi hiyo Edmund, wanayemwita Betri kwa kuwa hasira zake haziishi chaji, alifika kijiweni kwa Salumu muuza kahawa bila hata kusalimia. Dada yake Walburga, mwenye nyonga mbovu, alikuwa ametolewa kwenye ngokela, ile zamu ya wanawake kulimiana mashamba. Msimu wa kupanda maharage ulikuwa ukingoni, na shamba lake halikuwa na shimo hata moja la ngolo, yale ya kuzuia mvua isibebe udongo mlimani. Aliyemtoa, Joakim, katibu wa ngokela, alikuwa pale pale benchini akipuliza kikombe. Edmund alitamani kukimwaga.

— Katibu, dada yangu kakosa nini?

— Takwimu, Betri. Wanawake watano, mashimo mia na ishirini kwa siku. Wastani ishirini na nne. Yeye kachimba kumi na mawili.

— Lakini ya kwake hayabomoki mvua ikipiga! Na nyonga yake unaijua!

— Aliye chini ya wastani anatoka. Kanuni haijui nyonga.

Florian, aliyejipachika uprofesa, akadakia:

— Mimi nataka kata nzima iwe juu ya wastani. Hata watoto wachanga!

— Juu ya wastani wa nani, Profesa? — Salumu aliuliza.

— Wa kwao wenyewe!

Salumu alicheka hadi birika likatikisika. Edmund hakucheka. Alichukua mkaa kwenye jiko la Salumu, akaandika kwenye ubao wa benchi: thelathini, ishirini na nane, ishirini na sita, ishirini na nne.

— Hawa ndio waliobaki. Gawanya kwa nne.

Katibu alihesabu kwa vidole.

— Ishirini na saba.

— Na mkeo Aurelia kachimba mangapi?

— Ishirini na... sita.

— Atoke! — Profesa akapiga paja. — Na wa ishirini na nne atoke! Wakibaki wawili, wastani ishirini na tisa, mmoja atoke tena! Atabaki bingwa peke yake!

— Mnafyeka watu kama magugu! — Edmund aliutupa mkaa. — Kwani binadamu tumefyatuliwa kwenye kalibu moja la matofali?

Mama mmoja kutoka Kihagara alikuwa ametua ndoo yake ya usipa, dagaa wa ziwani, akisubiri kahawa.

— Samahanini, baba zangu. Huyo bingwa akibaki peke yake, shamba lake atalimiwa na nani?

Edmund alimgeukia Joakim.

— Mjibu mgeni, Katibu, — alisema Edmund.