Beti Mbili Alizotuachia Elphas Osundwa

Mchungaji, wazee wa ukoo, kina mama mlio chini ya turubai na ninyi mliokosa kivuli, mimi ni Zakaria Were, kaka yake mjane, na nimepewa kusoma maisha ya marehemu kwa sababu dada yangu ameamua hivyo na hakutaka kuulizwa kwa nini, kwa hiyo msiniulize na mimi.

Elphas Osundwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa hapa Eshisoka, mtoto wa tatu wa mzee Shikanga na mama Khalayi, ambao wote wametangulia. Alisoma shule ya misheni Khwisero kuanzia mwaka 1946, akaendelea hadi alipoingia chuo cha kilimo Bukura mwaka 1958, akahitimu 1960 na kurudi nyumbani na cheti, baiskeli na do-re-mi, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyotusumbua wengi wetu. Kanisa letu la Methodisti wakati huo lilikuwa la udongo, waumini waliimba kila mtu njia yake kama ng'ombe wanaotoka mtoni, na yeye alipokalia benchi Jumapili ya kwanza alishika kichwa kwa mikono miwili mpaka ibada ikaisha. Wiki iliyofuata aligeuza gunia la mbolea ndani nje, akaandika nota kwa makaa, akalitundika ukutani, akatugawa sauti nne, na mimi nikawekwa besi karibu na dirisha la magharibi.

Tarehe 15 Desemba 1962 alifunga ndoa na dada yangu Jescah Musimbi aliyekuwa akiimba alto, na hapo niseme wazi kwamba mtu huyu alikuja kwetu ng'ambo ya kijito kunifundisha besi, akaondoka na dada yangu. Mungu aliwajalia watoto wanne, Zilpah, Wanyama, Jael na Shikanga, wote wako hapa, na wote wanaimba wapende wasipende.

Kazi aliianza kama bwana shamba wa mahindi, kisha miwa ilipofika huku mwaka 1973 akahamishiwa kwenye miwa, na mnakumbuka siku hizo, matrekta hayalali, mabati yanang'aa kila boma, hata kanisa likapata ukuta wa matofali na kinanda. Ni yeye aliyetufundisha kupanda kwa mistari na kuacha njia pana ya kuzuia moto, na ni yeye aliyesema katika kila baraza kwamba miwa ikishika moto mtu aache hata obusuma, ugali wenyewe, mdomoni akimbie. Naomba mlishike neno hilo, maana nitalirudia.

Katika kwaya alikuwa na sheria yake, wimbo ukianza hakuna anayetoka wala kuketi wala kukohoa mpaka Amina, na haikuwa maneno tu, kwani siku moja ingokho wa mama mchungaji aliingia, akapanda juu ya meza ya Bwana, akataga, akatangaza kwa kelele kwamba ametaga, na sisi tulikuwa bado tunaimba. Wageni walicheka lakini kanisa lilijaa, watu walitoka mpaka Buyangu kuja kutusikiliza, na Elphas akatuandikisha kwenye mashindano ya makanisa Kakamega mjini.

Jumamosi tarehe 11 Februari 1978 tulikuwa mazoezini, jua kali, upepo mkavu, tukiwa mwisho wa beti ya tatu ya wimbo wa beti tano, nikaona moshi dirishani upande wa shamba langu. Nilimtazama shemeji, naye alikuwa ameshauona, kwa sababu macho yake yalitoka dirishani yakaja kwangu, kisha akainua mkono juu zaidi ili mtu asithubutu kusogea. Tuliimba beti ya nne, tukaimba beti ya tano, tukasema Amina, halafu ndiyo tukakimbia. Moto ulikuwa umeruka njia, miwa yangu iliyokuwa tayari kukatwa iliungua yote na jiko la mke wangu pia, trekta la kuibeba kwenda kiwandani likachelewa, na mashina yaliyobaki yakakauka yakawa kuni. Bwana shamba aliniambia kwamba beti mbili zisingeokoa shamba, nami nikamwambia kwamba basi na besi yangu haitaokoa wimbo wake. Nilikasirika, na sioni aibu kulisema hilo mbele yake akiwa amelala hapa, kwa sababu nilimwambia hata akiwa amesimama.

Tangu siku hiyo niliketi benchi la nyuma, nikija kanisani kila Jumapili na kufunga mdomo, miaka kumi na moja. Elphas hakuniomba msamaha, alikuwa mgumu kama kisiki cha mwiba, lakini pia hakumpa mtu mwingine besi, na ile nafasi ya dirishani hakuketi mtu. Walienda mashindanoni na sauti tatu wakawa wa mwisho, na waamuzi walipomuuliza besi iko wapi, alijibu kwamba iko nyumbani, imenuna.

Tarehe 18 Machi mwaka huu wa 1989, akifundisha nyimbo za Pasaka, alipigwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea na maneno yakampotea yote, hata jina la mkewe. Ila kuimba hakukuondoka, na daktari alitueleza kwamba hutokea hivyo, mtu hawezi kuomba maji lakini anaweza kuimba wimbo mzima. Mwezi Mei aliongoza kwaya kwa mkono wa kushoto, lakini mwisho wa Juni akazidiwa, akalazwa tena hospitalini Kakamega.

Nilienda kumwona Jumapili tarehe 2 Julai, kwa kulazimishwa na dada. Aliponiona alianza kuimba wimbo ule ule, taratibu, beti ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha akanyamaza, akainua mkono wa kushoto, akaushikilia hewani. Jamani, huyu ndiye mtu aliyeacha shamba liungue ili wimbo usikatwe, na sasa ameukata mwenyewe, ananingoja. Nilielewa vizuri sana alichotaka. Sikuimba, hasira ilikuwa bado imenikaba, nikajiambia nitarudi Alhamisi, na Jumatano tarehe 5 Julai asubuhi akatuacha. Dada yangu anasema mkono aliushusha nilipotoka mlangoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake mabwana shamba waliotoa trekta la kubeba wageni, majirani wa pande zote mbili za kijito walioleta kuni, maji na kuku, mchungaji wetu, na wanakwaya waliokesha hapa bila kuambiwa.

Historia yake inaishia hapo, lakini wimbo wake hauishii hapo. Mchungaji amekubali kwamba kabla jeneza halijashuka, kwaya isimame, nami nikimaliza kukunja karatasi hii nitaenda kusimama mahali pangu. Tutaanzia beti ya nne, kwa kuwa tatu za kwanza ameshaziimba yeye, na mtu yeyote asitoke hata akiona moshi. Shemeji, shusha mkono, upumzike kwa amani, Amina tutaisema sisi.