Alhamisi za Tabby Kabura kule Naro Moru

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Mlio dukani, mlio shambani, mlio jikoni mkisubiri chai ichemke, kuanzia Mukurweini hadi Nanyuki, karibuni tukae pamoja. Mimi ni Kinuthia.

Leo namkumbuka Tabitha Kabura. Wengi wenu mlimwita Tabby. Tabby ametuacha. Alifariki Jumanne asubuhi hapa Nyeri, moyo ulipomsimama ghafla. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Ijumaa atazikwa kwao, Mukurweini.

Tabby alikuwa fundi wa nguo. Aliwahi kuvaa taji la urembo. Na kwa zaidi ya miaka ishirini aliwafundisha wasichana wetu kutembea jukwaani. Nitawaeleza hayo. Nitawaeleza pia jambo ambalo sikutaka kulieleza, kwa sababu nami nimo ndani yake.

Tuanze Mukurweini. Tabby alizaliwa kwenye shamba la kahawa, mtoto wa tatu wa mzee Kihara. Alikua haraka. Kufikia darasa la saba alikuwa amempita mwalimu wake kwa urefu. Jana nilizungumza na kakake, Wamae. Aliniambia hivi: "Watu walikuwa wanamcheka sana. Ati Kabura akisimama kwa mlango nyumba inaingia giza. Basi akazoea kutembea ameinama, kama mtu anatafuta kitu ameangusha."

Mwaka wa 1993 kulikuwa na mashindano ya urembo hapa mjini Nyeri. Tabby alikuwa na miaka kumi na tisa. Rafiki yake mmoja aliandikisha jina lake bila kumwambia. Akaenda. Gauni lilikuwa la kuazima, na lilimfikia juu kidogo ya kifundo cha mguu. Wamae alikuwa pale, amesimama nyuma ya ukumbi.

"Nikaona dadangu anatembea wima," Wamae alisema. "Tumelala nyumba moja miaka yote hiyo, na nilikuwa sijawahi kuona urefu wake."

Tabby alishinda. Zawadi ilikuwa taji na cherehani. Mzee Kihara hakusema neno kwa wiki nzima. Alikwenda shambani, akarudi, akala, akalala. Siku ya nane aliitazama ile cherehani, akamwambia bintiye, "Sasa shona." Ndiyo baraka aliyopata, na Tabby aliipokea.

Alikuja mjini, akafungua duka la ushonaji. Hapo ndipo alipomlea binti yake wa pekee, Anita. Na kila Jumamosi alikutana na wasichana katika ukumbi wa kanisa, akawafundisha kutembea, kusimama, kuongea mbele ya watu. Walikuja wasichana walioficha midomo kwa mkono wakicheka. Walikuja walioinama, kama yeye zamani. Waliondoka wanaangalia watu machoni. Hilo nililiona mwenyewe, wasikilizaji. Mashindano yale yaliwapa wasichana wengi kitu ambacho nyumbani hawakupewa.

Lakini yalichukua pia.

Mwaka wa 2016 alikuja msichana kutoka Naro Moru. Jina lake ni Ngendo. Alikuwa na miaka kumi na minane, amemaliza shule, mchangamfu, mwenye mashavu. Tabby alimpima gauni. Akaizungusha tepu kiunoni, akaisoma, akasema, "Hii gauni itakaa vizuri zaidi ukipunguza inchi mbili." Akaendelea na kazi yake. Ni maneno ambayo mafundi na walimu wa urembo huyasema kila siku.

Ngendo aliyabeba hadi nyumbani. Kwa wiki tatu alikunywa chai ya rangi na kula tufaha moja kwa siku. Mamake alipouliza, alisema amekula kwa rafiki yake.

Siku ya mashindano ilikuwa Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa. Mshereheshaji nilikuwa mimi. Ngendo aliingia, akafika katikati ya jukwaa, akayumba, akaanguka kifudifudi. Nami nilikuwa na maikrofoni mkononi. Nikasema, "Jamani, viatu vya kuazima hivyo."

Watu wakacheka. Ukumbi mzima ukacheka.

Tabby ndiye aliyekimbia. Alimgeuza, kidevu kimepasuka, damu kwenye gauni. Alipomwinua, alijua. Anita alikuwa nyuma ya pazia siku hiyo, na anakumbuka: "Mama alinitazama tu. Akasema, 'Huyu mtoto hana uzito.' Halafu akasema, 'Ni mimi.'"

Ngendo alilazwa hospitalini siku tisa. Kidevu kilishonwa nyuzi sita. Hilo lilipona upesi. Kula ndiko kulikokataa kurudi.

Jumatatu iliyofuata Tabby alikuja hapa studioni. Hakupaza sauti. Aliniambia, "Kinuthia, mimi nilipima kwa tepu. Wewe ulicheka kwa maikrofoni. Twende sisi wawili kwa hao watu." Nilimwambia niko na kipindi. Akasema, "Kipindi kinaisha saa sita. Nitangoja." Nikamwambia pia nina mkutano. Wasikilizaji wapendwa, sikuwa na mkutano.

Alikwenda Naro Moru peke yake. Ilikuwa Alhamisi. Alimkuta mama Ngendo akikamua ng'ombe. Yule mama hakusimama. Alimwambia, "Nilikupatia mtoto akiwa anakula." Akaendelea kukamua. Tabby alisimama hapo mpaka ndoo ikajaa, kisha akarudi Nyeri.

Alhamisi iliyofuata alirudi. Na iliyofuata. Alifunga duka kila Alhamisi, wateja wakinung'unika. Wiki ya saba, mama Ngendo alimtolea kiti. Kuanzia hapo Tabby alikula na Ngendo. Sahani mbili, mukimo wa viazi na mboga. Hakumbembeleza. Alikula polepole, akisimulia habari za wateja wake, hadi yule binti amalize. Siku nyingine ilichukua saa mbili. Alifanya hivyo zaidi ya mwaka mmoja.

Mjini, Tabby aliwaomba waandaaji wa mashindano waache kupima miili ya wasichana. Mmoja alimwuliza, "Sasa watu watakuja kutazama nini?" Tabby akajiondoa. Akaanzisha siku yake mwenyewe, katika ukumbi uleule wa kanisa. Msichana angevaa anavyotaka, asimame, aongee kuhusu kitu alichokitengeneza kwa mikono yake. Mwaka wa kwanza walijitokeza wasichana kumi na mmoja. Watazamaji hawakufika arobaini. Hanan, binti wa mfanyabiashara hapa mjini, alipanda jukwaani na hijabu yake, jambo ambalo hangeweza kulifanya kwenye yale mashindano mengine.

Na bado mshindi alivishwa taji. Watu walimwuliza Tabby mbona. Anita alinipa jibu lake: "Mama alisema, 'Nilipenda taji. Sitadanganya mtu. Ile siku nilivalishwa ndiyo niliacha kuinama. Shida yangu si taji. Shida ni vile tunawafanya wasichana walipe.'"

Jana, nikiwa nimechelewa miaka tisa, nilikwenda Naro Moru. Ngendo ana miaka ishirini na saba sasa. Ni mpagazi wa mlima. Hubeba mizigo ya wageni hadi kambini, kilo kumi na nane mgongoni, na wanaume wanaopanda naye wanasema haachwi nyuma. Nilimkuta anaanika hema uani.

Nilimwambia mimi ni nani. Akasema, "Nakujua. Nilikusikia siku ile. Hapa nyumbani redio yako haikufunguliwa miaka miwili." Nikamwomba msamaha. Alinyoosha kona ya hema. Kisha akasema, "Mama Anita alikuja. Wewe hukukuja." Akaendelea kunyoosha hema. Baadaye akasema, "Lakini kaa. Chai iko." Nikakaa. Kovu la kidevu bado linaonekana akitabasamu. Ijumaa atakuwa miongoni mwa watakaobeba jeneza. Ameomba mwenyewe.

Kwa Anita, kwa Wamae na jamaa yote ya mzee Kihara kule Mukurweini, poleni sana. Poleni pia wasichana wote mliopitia mikononi mwa Tabby. Mungu awashike mkono na kuwafariji.

Nasi tuliobaki tujiulize. Wazazi, walimu, mafundi, sisi wenye maikrofoni, tumewaambia nini mabinti zetu kuhusu miili yao, tukaendelea na kazi zetu? Tabby Kabura alikosea kwa sentensi moja. Kisha akafunga duka, akaenda.

Ikiwa kuna mtu unayepaswa kumwendea, nawe unajua ni nani, usingoje nimalize. Zima redio, uende.