Kocha Akil Broadnax na Kosa la Kumpeleka Mtoto Nyumbani

Ijumaa, tarehe 29 Mei 2026, Kocha Akil Broadnax atakabidhi filimbi na funguo za stoo, baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi tisa ya kuinoa timu ya futiboli ya Chuo cha Holmes Run. Ninaposema futiboli ninamaanisha ile ya Kimarekani, ya helmeti na mabega ya plastiki. Wakenya wenzangu mtakaosoma programu hii ya sherehe ya kumuaga mnivumilie. Mimi mwenyewe nilihitaji misimu mitatu kuelewa kwa nini mpira wa miguu unachezwa kwa mikono.

Kocha ni mzaliwa wa Washington. Alisoma Kiswahili chuoni kwa miaka miwili, kwa mwalimu Mtanzania, kwa sababu alitaka kuijua lugha iliyompa jina. Alianza kazi hapa Agosti 1994 akiwa kocha msaidizi, na miaka sita baadaye akapewa timu nzima. Mimi nilipoajiriwa kuwa karani wa idara ya michezo mwaka 2003, alinisimamisha kwenye korido na kuniamkia kwa shikamoo. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Niligeuka nyuma kutazama ni mzee gani anayesalimiwa. Hadi leo Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu, na hana haya kunisahihisha mbele za watu.

Kuhusu bidii yake sitamsifu sana, maana sisi ndio tuliokiona cha moto. Saa kumi na moja alfajiri gari lake lilikuwa tayari limeegeshwa, kabla Beltway, ile barabara kuu ya mzunguko, haijajaa magari. Mistari ya uwanja aliichora mwenyewe, kwani hakuamini kwamba kuna binadamu mwingine anayeweza kuinyoosha. Mchezaji aliyefeli hesabu hakwenda mazoezini. Aliketi ofisini kwangu na kitabu mpaka aelewe, na mimi nikaambiwa nisimpe biskuti. Katika wachezaji wote waliokaa naye miaka minne, ni kumi na mmoja tu walioondoka bila shahada. Anawajua kwa majina na bado anawapigia simu kuwahimiza warudi darasani.

Majira fulani ya baridi theluji ilifunga barabara zote na chuo kikatangaza likizo ya siku tatu. Kocha hakusoma tangazo. Alikuja na sepetu, akasafisha nusu ya uwanja peke yake, kisha akanipigia simu kuuliza kwa nini wachezaji wamechelewa. Nilikuwa kitandani, Takoma Park, chini ya mablanketi mawili, na nilicheka mpaka nikakohoa.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ni ile kambi ya Julai ya kuwafundisha vijana futiboli. Tangu mwaka 2008 ameiendesha Takoma Park, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya kanisa letu sisi Wakenya, kwa sababu watoto wengi wa huko wana wazazi wauguzi na watunza wazee, ambao hawana muda wa kuvuka mto kuwaleta huku chuoni, Virginia. Ilikuwa raha kumwona Mmarekani huyu akiwauliza vijana wetu habari za nyumbani kwa Kiswahili, nao wakimjibu kwa Kiingereza huku mama zao wakiona aibu.

Kambi hiyo ndiyo iliyotaka kumtoa kazini. Mwaka 2019 kocha wa chuo kingine alipeleka malalamiko kwenye ligi, pamoja na video ya simu. Alidai kwamba Kocha anasajili wachezaji kinyemela, anawaahidi wazazi nafasi chuoni kwa lugha ambayo wakaguzi hawaielewi. Kanuni zinakataza ahadi zozote kambini. Kama ingethibitishwa, Kocha angefukuzwa na kambi ingefungwa moja kwa moja.

Mimi nilikataliwa kuwa mkalimani, eti ningempendelea. Walikuwa sahihi. Wakamwita Bwana Lusekelo, mwalimu kutoka Fairfax, naye akaitafsiri video nzima mbele ya kamati ya ligi. Kocha alikuwa akizungumza na Mama Chelagat, mtunza wazee ambaye mwanawe Kibet alikuwa mkimbiaji hodari kuliko wote kambini. Dakika kumi na moja zilikwisha kwa salamu tu: goti la mama, shifti zake, nyanya mgonjwa kule Bomet, mahindi kama yameota. Mwenyekiti aliuliza mara mbili kama futiboli inakaribia. Watu walicheka, nami nikaanza kufunga mkoba wangu.

Dakika ya kumi na mbili, Mama Chelagat akasema basi limechelewa na shifti inaanza, Kocha akamjibu kwamba yeye atampeleka Kibet nyumbani. Hapo hapo video ikakatika. Kanuni za ligi hazimruhusu kocha yeyote kumbeba kwenye gari lake kijana anayeweza kumsajili. Hata hivyo, hakuna aliyekuwa na ushahidi kwamba safari hiyo ilifanyika, na mwenyekiti alikuwa tayari anafunga faili. Nilikuwa naomba Mungu kimoyomoyo amzibe Kocha mdomo.

Kocha alisimama. Akasema ndiyo, alimpeleka Kibet mpaka mlangoni, na kwa miaka yote ile alikuwa amewapeleka wengine ambao hakuwahesabu.

Alifungiwa mechi nne. Kambi ilifungwa mwaka mmoja. Kibet, ambaye Kocha alikuwa amemsubiri kwa miaka miwili, akazuiwa kabisa kujiunga na chuo chetu. Nilikasirika, nakiri. Niliposhindwa kuvumilia nilimuuliza kwa nini hakunyamaza tu.

“Ningenyamaza, Bi Jerotich, Kibet angejifunza kwamba nilifanya jambo la aibu,” alinijibu. “Mama yake alikuwa anawahi kazini. Ningemwacha mtoto kituoni?”

Halafu akanishangaza zaidi. Alimpigia simu yule yule kocha aliyemshtaki, akamwambia ana mkimbiaji ambaye asingependa apotee. Kibet alichukuliwa huko, na msimu wa pili akatufunga kwa kuvuka mstari wa goli mara mbili kwenye uwanja wetu wenyewe. Benchi letu zima lilinuna. Kocha alipiga makofi hadi nikamvuta shati. Leo Kibet ni mhandisi, na mama yake ndiye anayesimamia chakula cha sherehe hii.

Kocha, asante kwa kila alfajiri, na kwa vijana uliowalea kama wako. Kocha mpya ataiendesha kambi ya Julai, na nilipokuuliza ungependa tukupe zawadi gani, uliomba nafasi moja tu: udereva. Basi ujue kwamba kuanzia Jumamosi tarehe 30 wewe si kocha wa chuo chochote, na hakuna kanuni duniani inayokukataza kumpa mtoto lifti. Kina mama saba wameshaniachia anwani zao. Ustaafu wako uwe na afya na furaha tele, na gari lako lisikose abiria.

Jerotich Mutai
Karani, Idara ya Michezo