Bastola ya Arletta Isiguswe na Tupa

Sogezeni viti, wanangu, wewe Wendell upande huu na wewe Corinne pale dirishani, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na hili la bastola ya Arletta nataka liishe nikiwa bado napumua.

Nyumba abaki nayo mama yenu. Karakana ni yenu wawili, sawa kwa sawa, na mkiigombania nitarudi niwafichie tupa zote. Usicheke, Wendell. Nilikusikia asubuhi ukipekua droo.

Arletta, aliyetuachia bastola tuitengeneze, ni askari wa kaunti. Jumamosi anaingia kazini na bastola ya marehemu baba yake kiunoni, na huko milimani yuko peke yake. Ikimkwamia, basi tena. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si kifo changu.

Sikilizeni. Hapa kwetu kila mwanaume mwenye meza ya ufundi na tupa, bastola ya aina hii ikimkwamia, hukimbilia kukwangua pale risasi inapopandia kuingia kwenye mtutu, mpaka pang'ae kama kijiko cha harusi, na ikikwama tena, anakwangua tena. Chuma ukishakiondoa hakirudi, mwanangu. Bastola hizi zilikuwa zikifanya kazi kabla sijazaliwa, hazikunisubiri mimi wala wewe. Anzeni na magazini, kile kisanduku cha risasi. Ile ya Arletta midomo imepanuka, baba yake alikuwa akifungulia chupa za bia, Mungu amrehemu. Kisha badilisheni springi yake. Kisha Corinne, mwenye mkono mwepesi, akipime kile kikulabu kinachovuta ganda, kisilegee wala kisibane. Halafu mfyatue risasi zilezile anazobeba yeye kazini, si zetu za bei rahisi.

Unasemaje, Corinne? Umeshafanya yote? Na wewe Wendell ulimshikia taa? Ah. Basi nimefurahi, wanangu, nimefurahi sana.

Nendeni nyuma mkaifyatue, kwenye kile kichuguu cha udongo. Acheni dirisha wazi nisikie.

...Naam. Magazini nzima, bila kukwama. Sogeeni hapa dirishani mnisikie. Wendell, rudisha tupa kwenye droo. Mungu awape mikono mitulivu na... na subira ya kutazama kwanza. Msipoze kahawa ya mama yenu kwa kunililia.

Jazeni tena. Nasikia vizuri... Hata nikinyamaza, msiache kufyatua. Malizeni boksi la risasi.