Mzee Usitupe na Mti Wake wa Taa

Tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya saba wa baba seremala na mama mkunga. Jina lake la ubatizo liko kwenye jalada la ratiba hii, lakini tukilisoma hapa nusu yenu mtauliza ni nani huyo. Alikuwa Mzee Usitupe, basi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966, kisha akaenda chuo cha ufundi, alikohitimu umeme mwaka 1970. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti: "Ana akili sana, ila mifuko yake ipekuliwe kabla hajatoka karakana."

Mwaka 1971 aliajiriwa na kampuni ya simu kama fundi mitambo, akatumika miaka thelathini na mitano bila hata barua moja ya onyo. Mitambo ya zamani ilipong'olewa, aliomba ruhusa akaondoka na makatoni ya swichi, yakahamia sebuleni. Ukishika chochote kuelekea pipa la taka, sauti ilikufuata: "Usitupe!"

Tarehe 11 Septemba 1976 alifunga ndoa na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa amemtengenezea pasi mara tatu, na mara zote tatu ikaharibika ndani ya wiki. Mkewe hadi leo ana mashaka na pasi ile.

Alipostaafu, zile swichi zikapata kazi. Akaziunganisha na kompyuta iliyotupwa na ofisi fulani, chupa za plastiki na sidii zilizokwaruzika, akasimamisha uani mti wa taa wa mita nne. Kompyuta iliamuru kila taa iwake kwa zamu yake, kuanzia Desemba mosi hadi Januari sita. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Shida ilikuwa betri ya saa ya kompyuta, ndogo kama kifungo cha shati. Ilikuwa imekufa siku nyingi, na kila umeme ulipokatika na kurudi, kompyuta ilijiwasha ikidhani ni Januari mosi. Basi tulikuwa na Krismasi Aprili, Julai, hata siku ya kufua mapazia.

"Baba Watoto, nunua betri, tunachekwa!" mkewe alilalamika.

"Kesho," alijibu. Kesho hiyo ilichukua miaka kumi na sita.

Oktoba mwaka jana madaktari waligundua kuwa moyo wake umechoka. Kufa hakukumtisha sana. Alichokihofia alikisema wazi: "Nikienda, vyote hivi vitarudi jalalani." Desemba ilipofika hakuweza tena kupanda ngazi kukarabati nyaya za mti kama kila mwaka. Mkewe, ambaye hakuwahi kugusa waya, akavaa miwani yake ya kushonea, akapanda yeye. Mzee alikaa barazani akimwelekeza. Mama wa watu akaunganisha kinyume: nyota ya juu ikawaka kwanza, shina mwisho. Akashuka nusura alie. Mzee akacheka hadi akakohoa.

"Acha hivyohivyo, Mama Watoto. Sasa mti ni wako."

Aliaga dunia nyumbani, Jumatano tarehe 9 Agosti 2023, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Inatuuma, hatufichi.

Juzi Alhamisi alasiri, waombolezaji wakiwa uani, umeme ulikatika, ukarudi. Nyota ikawaka, halafu matawi, halafu shina. Watu wakapigwa na butwaa. Mwanawe wa kiume, aibu imemjaa, akakimbilia kuzima.

"Uguse uone!" mama yake akamkemea, machozi yakimtiririka. "Huo mti ni wangu. Na betri sinunui."

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu watano, na dada yake mdogo anayewasomea maneno haya.

Mungu ampokee, ampe pumziko jema. Lala salama, Usitupe. Hatutupi kitu.