Siku Tuliyobadilisha Vyeti vya Kompyuta za Hospitali

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, Daktari Mfawidhi, wauguzi na wataalamu wenzangu, ndugu wageni waalikwa, habari za mchana.

Mmeniita Bwana Vyeti kwa miaka mingi, na jina hilo limeniletea mambo. Kuna mama aliwahi kushuka hadi chumba changu akiwa na mtoto mgongoni, akitaka cheti cha kuzaliwa. Nilimwambia, "Mama, vyeti natoa, ila wanaopewa ni kompyuta." Alinitazama kwa huruma, akaenda kumtafuta mtu mwenye akili timamu.

Lakini ndivyo ilivyo. Kabla mashine ya maabara haijatuma majibu ya damu kwenye kompyuta ya chumba cha upasuaji, mashine hizo huoneshana kwanza vitambulisho. Tunaviita vyeti vya usalama. Kila cheti kina mwisho wake, na kikishapitwa na wakati, mashine hazisemezani tena. Je, nani kati yetu angependa kuwa mezani kwa daktari siku mashine zimenuniana?

Mwaka ule vyeti vya hospitali nzima vilikuwa vinakaribia kwisha. Mkurugenzi wa wakati ule, mtu mwema lakini mwenye haraka, aliniambia, "Badilisha vyote leo, tumalizane."

Nikamjibu, "Mkuu, nikibadilisha vyote kwa mpigo na kimoja kikakataa, nitapata habari kutoka kwa wagonjwa."

"Sasa utafanyaje?"

"Kwanza nitazizoesha mashine zote kukitambua cheti kipya huku zikiendelea kukikubali cha zamani. Kisha nitabadilisha kidogo kidogo. Nianze stoo, niende masjala, halafu wodi moja baada ya nyingine. Pakikwama, nasimama, narudi nyuma."

Alihema, akasema, "Haya, lakini likiharibika ni lako." Nikalipokea. Kwa hiyo wenzangu walipoendelea na shughuli zao, mimi nilipanda na kushuka ngazi na kompyuta yangu kwapani, nikibadilisha, nikijaribu, nikingoja. Hakuna aliyeniuliza kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuonekana.

Stoo ikapita, masjala ikapita, wodi zikapita. Asubuhi moja nilipoigusa mashine ya maabara, ikagoma. Papo hapo simu ikalia. Alikuwa mtaalamu wa maabara, huyu dada aliyekaa pale karibu na dirisha.

"Fundi, majibu hayaendi! Kuna mama anatoka damu, yuko mezani, wanasubiri!"

"Nipe dakika, dada." Nikairudishia mashine cheti chake cha zamani, ambacho bado kilikuwa kinakubalika kote. "Jaribu tena."

Akajaribu. Kisha akasema, "Yamekwenda," na simu ikakatwa.

Nikasimamisha kazi yote. Mambo yalipotulia, nilipanda maabara, nikakuta saa ya ndani ya ile mashine iko nyuma kwa miaka. Kwa hesabu yake, cheti kipya kilikuwa hakijaanza kutumika. Nikairekebisha saa, nikarudia, ikakubali. Niwaulize: tungebadilisha vyote siku moja na kufuta vya zamani, tungerudi wapi?

Nikiwa njiani kushuka, nilikuta ndugu wa yule mama wamemzunguka daktari wa upasuaji, wanalia na kucheka. Mama amepona. Daktari alistahili kila shukrani, na leo nasema tena, alistahili. Mzee mmoja akaniona nimesimama. "Kaka, samahani, hebu tupige picha." Akanikabidhi simu yake. Nikawapanga vizuri, warefu nyuma, nikawapiga. Wote walitokea.

Nilirudi chumbani kwangu, nikafunga mlango. Moyo ulikuwa umejaa, nataka kumsimulia mtu. Nikatoa simu nimpigie mama watoto. Kidole kilishafika kwenye jina lake ndipo nilipokumbuka kwamba tulikuwa tumemzika. Nikakaa pale na muungurumo wa mashine za chumba kile, nisijue mikono niiweke wapi.

Jioni mlango ukafunguliwa. Alikuwa dada wa maabara, koti lake jeupe mkononi. Akavuta kiti. "Hebu nieleze. Ile asubuhi ilikuwaje?"

Nikamweleza mwanzo hadi mwisho. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Pole." Hakusema hongera, wala asante. Alisema pole, na ndugu zangu, lile ndilo neno nililokuwa nalihitaji.

Dada, sijawahi kukwambia hivi mbele za watu: usingeshuka siku ile, ningeandika barua ya kuacha kazi.

Leo ninastaafu. Nyumbani hakuna anayeningoja, nami nitajifunza kukaa na hilo. Ila kuna binti anayepokea kazi yangu, na amenizidi kwa umahiri. Vyeti vitakwisha tena, atavibadilisha polepole, na akifanya vizuri hamtasikia lolote. Ombi langu ni hili tu: siku hiyo isiyosikika, mmoja wenu ashuke ngazi, avute kiti, amuulize kazi imekwendaje. Na akianza kujibu, msitazame saa ukutani. Msikilizeni hadi amalize.

Nawashukuru nyote, na asanteni sana kwa kunitegea sikio.